Kuzika kwa Shangwe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa na kamati ya misiba ya usharika wetu, hapa Moshi, upande wa mlimani. Maswali ni yale tunayoulizwa ofisini, kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya (kikundi cha waumini wa jirani), na mara nyingi zaidi usiku kwa simu, muulizaji akiwa bado amesimama nje ya wodi. Utaratibu ni wa Kilutheri, wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania). Mkatoliki atakuta mengi yanafanana na ya kwao, ila atasema parokia pale tunaposema usharika, na kinamama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, watatusahihisha kuhusu pilau.

Mnaposema kuzika kwa shangwe mnamaanisha nini hasa?

Tunamaanisha mazishi ambayo ibada yake imesimama juu ya shukrani. Mtu ameishi, amelima, amelea, amesomesha, amezeeka, amelala. Watu wanakuja kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Wanaimba kwa sauti kubwa, wanasimulia habari zake, wanacheka panapochekesha, kisha wanakula pamoja kabla ya kutawanyika. Si harusi iliyowekewa jeneza katikati. Harusi ina kadi na kiwango cha mchango. Msibani anayesikia anakuja, na anayekuja anakula.

Kuna jambo wageni wengi hawalioni. Shangwe hiyo inategemea kazi ya watu wengine. Mjane anayehesabu masufuria hawezi kuimba, na kijana anayekimbizana na mwenye maturubai hawezi kumsikiliza mchungaji. Kwa hiyo usharika unazichukua kazi zote, wafiwa wabaki na moja tu: kukaa na mtu wao siku za mwisho. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na hilo.

Je, kila msiba unafaa kufanywa hivi?

Hapana. Mtoto aliyekufa, kijana aliyegongwa na bodaboda, mama aliyefariki akijifungua: hatuwaambii wafiwa wafurahi. Hapo tunaimba taratibu, tunafupisha salamu, tunapika chakula cha kawaida, tunakaa. Ibada ya shangwe ni ya mzee au bibi aliyekula chumvi nyingi, au ya mgonjwa ambaye mwenyewe alishasema anataka aagwe hivyo. Kati ya hapo na pale kuna misiba mingi isiyoeleweka iko upande gani. Hiyo tunaiachia familia, na familia ikisita, tunachukua kwamba jibu ni hapana.

Nani anaamua?

Mjane au mgane kwanza, halafu watoto, halafu ukoo, wakikaa na mchungaji. Mtoto aliyetuma fedha nyingi kutoka nje hana kura mbili.

Mama yetu amefariki alfajiri hii. Tuanzie wapi?

Poleni sana. Mpigieni mwenyekiti wa jumuiya yenu, hata kama ni saa kumi usiku. Atampigia mzee wa kanisa, mzee atampigia mchungaji, na kabla jua halijachomoza kutakuwa na mtu sebuleni kwenu. Msiweke tangazo kwenye makundi ya simu kabla ndugu wa karibu hawajaambiwa kwa mdomo. Kuna watu wamejua wamefiwa na mzazi kwa sababu rafiki aliwatumia "pole sana".

Kama amefia hospitali, iwe KCMC, Mawenzi au kwingine, mtapewa tangazo la kifo hapo hapo na mwili utahifadhiwa mochwari. Kama amefia nyumbani, nendeni kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Karatasi hiyo itunzwe vizuri kuliko bahasha ya fedha, maana ndiyo itakayotangulia kibali cha mazishi na baadaye cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30. Familia nyingi hukumbuka siku ya kufuatilia mafao au mirathi, na wakati huo karatasi haijulikani iko kwenye mkoba wa nani. Mpeni kazi hii mtu mmoja asiye na uchungu mkali, mkwe kwa mfano. Wakwe wana miguu ya kusimama foleni, na msibani wanapenda waonekane wana shughuli.

Tuzike baada ya siku ngapi?

Kusubiri kunaeleweka. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na walioko nje ya nchi wanategemea ndege inayotua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Lakini kila siku inayoongezwa ni kuni, sukari, unga na majani ya chai, kwa sababu watu wanaolala msibani wanakula asubuhi, mchana na usiku. Tunashauri isizidi siku nne au tano.

Wengi wanataka Jumamosi. Tunawaelewa pia, wafanyakazi wanapata nafasi. Ila Jumamosi moja inaweza kuwa na misiba mitatu katika usharika mmoja, na hapo kwaya inagawanyika, matarumbeta yanafika yamechoka, na sufuria kubwa zinagombaniwa. Mazishi ya Jumatano yanaweza kuwa na watu wachache, lakini mtapata mchungaji asiyetazama saa.

Kazi zinagawanywaje?

Jumuiya ya marehemu ndiyo inayobeba, jumuiya za jirani zinasaidia. Jioni ya siku ya kwanza kunafanyika kikao kifupi, watu wamesimama tu uani, na kila kazi inapata jina la mtu. Kazi ikitajwa bila mtu, kesho yake haijafanyika.

Vijana wanasimamisha maturubai, wanapanga viti, wanavuta umeme, wanatafuta jenereta ya akiba, na asubuhi ya mazishi wanachimba kaburi. Wachimbaji wapelekewe chakula huko huko, na cha kushiba, si chai na kipande cha mkate. Mabinti na wavulana wa kipaimara wananawisha wageni mikono na kugawa maji. Wazee wa kanisa wanapokea wageni njiani, kwa sababu mgeni anayefika msibani asijue pa kukaa anaishia kusimama nyuma ya gari lake na simu. Mezani pa rambirambi wanakaa watu wawili, mmoja anaandika, mwingine anashika kisanduku, na wasitoke nyumba moja.

Jikoni kuna mkuu wa jikoni, na neno lake ni la mwisho. Mchungaji akitaka chai anamwomba yeye.

Halafu kuna kazi tatu ambazo familia hazizifikirii. Ya kwanza ni mtu wa mjane: mama mmoja, rafiki yake hasa, anayekaa naye kutwa, anahakikisha amekunywa uji, amemeza dawa ya presha kwa saa yake, na anawaambia kwa upole wale wanaotaka kumlilia kifuani kwamba sasa amepumzika. Ya pili ni mtu wa funguo. Wezi wa misibani wanakuja wamevaa suti, wanalia vizuri, na wanajua vyumba. Ya tatu ni mtu wa magari. Njia za kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, ni nyembamba. Gari la mwili likifika na kukuta Noah tano zimeegeshwa kwenye kona, hakuna kwaya itakayoficha aibu hiyo.

Chakula je? Tupike nini na tupikie watu wangapi?

Hesabu ya watu haipatikani kwa kuuliza. Mkuu wa jikoni anauliza mambo mengine: marehemu alikuwa kwenye kwaya? Alifundisha shule gani? Ana wakwe wangapi na wanatoka wapi? Mwalimu mstaafu anavuta watu kuliko mfanyabiashara tajiri. Baada ya hapo anataja idadi, na kwa uzoefu wetu hakosei sana.

Kanuni ya jikoni kwetu ni kilo moja ya mchele kwa watu wanane, na kuongeza kidogo kwa ajili ya wanaobeba. Pilau ndilo linalotarajiwa na wageni wa mjini. Lakini msiba wa mlimani bila ndizi nyama utasemwa hadi Krismasi. Kwa machalari (ndizi zilizopikwa na nyama) na mtori (supu nzito ya ndizi) tunatafuta ndizi mshare, mikungu inaletwa na majirani kutoka vihambani mwao, na mara nyingi huo ndio mchango mkubwa kuliko wote ingawa hauandikwi daftarini. Mtu aliyeleta mkungu aandikwe. Tumeanza kuwaandika na watu wamefurahi.

Usiku wa kuamkia mazishi kinamama wanakutana kumenya ndizi, na huko ndiko shangwe inakoanzia, saa nyingi kabla mchungaji hajavaa joho. Wanapaka mafuta mikononi kwa ajili ya utomvu, wanakaa kwa duara, ndizi zinazomenywa zinatupwa kwenye maji zisigeuke nyeusi, na habari za marehemu zinatoka moja baada ya nyingine. Alivyomfukuza mgeni wa posa. Alivyouza mbuzi wa mumewe akalipa ada. Alivyosinzia kwenye mahubiri na kujibu "Amina" mahali pasipo pake. Mabinti wa marehemu wanakaribishwa kusikiliza, lakini kisu wasipewe. Wengine wanasikia habari za mama yao kwa mara ya kwanza usiku huo.

Asubuhi ni mtori kwa waliokesha. Mchana ni pilau, ndizi nyama, maharage, kabichi, kachumbari na tunda. Wageni wa kutoka Arumeru wakiwa wengi, mtu huwa anakumbuka loshoro, chakula cha kwao. Akina mama wa Moshi hupika hiyo kwa kusitasita, na wageni huila kwa heshima.

Tuna majirani na wakwe Waislamu. Watakula?

Watakula kama nyama imechinjwa na Muislamu. Ombeni jirani Muislamu aje achinje, ni jambo la kawaida kabisa mtaani kwetu na hakuna anayelikataa. Masufuria ya nyama yasichanganywe na ya kitimoto (nguruwe). Kwa kweli kitimoto msibani hatukishauri hata kidogo. Kinagawa watu mahali ambapo tunataka wakae meza moja.

Na mbege?

Swali hili linaulizwa kwa sauti ya chini kila mara. Chini ya turubai la ibada hakuna pombe, iwe mbege, bia au konyagi. Mbege ni kinywaji cha wazee wetu, cha ndizi na ulezi, na ukoo una desturi zake za kukinywa wanapokaa kuzungumza. Familia ikitaka kufanya hivyo jioni, wageni wakishaondoka, huo ni uamuzi wa ukoo na kamati inakuwa imeshakunja viti. Tunaomba jambo moja tu: vijana waliochimba kaburi wasilipwe kwa kreti.

Matarumbeta ni lazima?

Si lazima, ila yanasaidia. Matarumbeta ni urithi wa wamisionari wa Kijerumani. Wale wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na kanisa lao liliacha mlimani pembe za shaba pamoja na nyimbo za kuimbwa kwa sauti nne. Leo ni yetu kabisa. Pembe zikisikika zinapanda mlima mbele ya gari la mwili, watu wanatoka vihambani na majembe mikononi, wengine wanaunga msafara hivyo hivyo walivyo.

Kikundi cha usharika hakitozi, lakini kinahitaji usafiri, chakula, na ahsante. Wapeni orodha ya nyimbo siku mbili kabla. Nyimbo tatu au nne ambazo marehemu alizipenda zinatosha. Bibi aliyeimba maisha yake yote kwa Kimachame au Kivunjo aimbiwe walau wimbo mmoja kwa lugha hiyo, hata kama wajukuu watabaki kutikisa vichwa. Wazee watauimba bila kitabu, na sauti zao zitabadilika. Mtaona.

Spika kubwa za kukodi na muziki wa simu kati ya vipindi hatuzipendi. Zinaua uimbaji. Watu wakisikia muziki wa mashine wanakaa kimya na kuangalia simu zao.

Wajukuu wanataka jeneza libebwe kwa kucheza, kama wale Waghana. Inawezekana?

Wale Waghana walijulikana dunia nzima mwaka 2020, na tangu hapo swali hili halijakoma. Kwao ni kazi ya watu waliofunzwa, wanajua uzito wa jeneza na wanajua hatua zao. Kwetu ni vijana sita waliokesha, kwenye mteremko wenye migomba, mvua ikiwa imenyesha. Jibu ni hapana. Wajukuu wakitaka kucheza, wacheze mbele ya msafara pamoja na matarumbeta. Bibi zao watacheza nao, na pengine kuwashinda.

Nikilia nitaonekana sina imani?

Hapana. "Yesu akalia machozi" (Yohana 11:35), na alikuwa anajua anachokwenda kufanya kwenye kaburi la Lazaro. Mtume Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwaambia wasihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini". Kwenye ibada ya shangwe watu wanalia sana, pengine kuliko misiba mingine, kwa sababu wimbo unamfikia mtu mahali ambapo pole haifiki. Tunachokataa ni mtu kumwambia mfiwa "usilie, tunafurahi leo". Mkimwona mtu wa namna hiyo, mpeni kazi jikoni.

Mjane asipotaka kuimba, asiimbe. Akitaka kubaki ndani wakati wa salamu, abaki.

Wasifu wa marehemu uandikweje?

Hapa ndipo misiba mingi inapoharibika, kwa hiyo tutasema kwa kirefu.

Wasifu wa kawaida unasema amezaliwa lini, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa, akajaliwa watoto kadhaa. Kisha unaruka miaka hamsini na kuanza ugonjwa: akaanza kusumbuliwa na miguu, akapelekwa hospitali, presha ikapanda, akahamishwa, akapata nafuu, ikapanda tena. Nusu ya karatasi ni wodi. Watu wamekuja kumuaga mtu, wanaondoka wakijua sukari yake tu.

Ugonjwa upewe sentensi mbili. Nafasi iliyobaki ijazwe na ile miaka hamsini. Mzee wa miaka 90 wa huku mlimani alizaliwa wakati KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1933, kikiwa bado kichanga. Amepalilia kahawa, ameipeleka chamani mgongoni, amesubiri malipo, amelipia ada ya mtoto wa kwanza kwa msimu mmoja na ya mtoto wa pili kwa msimu uliofuata. Watoto wengi wa Moshi walisoma kwa kahawa, na wajukuu hawajui. Elezeni. Alipanda nini ambacho bado kiko shambani? Alipenda kukaa wapi jioni? Alikuwa akisema nini akikasirika? Someni maneno yake mwenyewe, kwa lafudhi yake kama msomaji anaweza.

Makosa yake je? Kama alikuwa mkali, semeni alikuwa mkali. Watu wote chini ya turubai wanajua, na mkisema alikuwa mpole watatazamana.

Salamu ziwe ngapi?

Tano. Familia, ukoo, jumuiya, mwajiri au wastaafu wenzake, na serikali ya mtaa. Kila mmoja dakika tatu. Wageni wengine watambulishwe, wasimame, wapunge mkono. Diwani akija na msafara, atambulishwe kwa heshima zote na asihutubie. Mara nyingi mwenyewe anashukuru. Mwongoza ratiba awe mtu mwenye haya kidogo. MC wa harusi, hata awe hodari, anashindwa kujizuia kusema "makofi kwa wafiwa".

Neno la shukrani la familia linakuja mwisho, na hapo ndipo desturi ya kutangaza madeni inapofuatwa: anayemdai marehemu, na anayedaiwa naye, aje azungumze na familia kwa siku iliyotajwa. Hii isiachwe. Inazuia maneno mengi.

Lazima tushone sare?

Hapana. Kitenge kimoja kwa watoto na wajukuu kinapendeza, na fulana zenye picha zimekuwa kawaida. Lakini tumeona mkwe maskini akikaa nyuma jikoni siku nzima kwa sababu hana sare. Kama mnataka wote wafanane, semeni "nguo nyeupe" au "khanga yoyote", kila mtu anayo. Bila shaka mnaweza kuacha nyeusi, mchungaji hatashangaa.

Rambirambi zinatunzwaje, na gharama analipa nani?

Usharika unatoa watu, vyombo, viti tulivyo navyo na uimbaji. Familia na ukoo wanatoa jeneza, gari la mwili, na sehemu kubwa ya chakula, kwa kusaidiwa na michango. Michango ya simu iende namba moja tu, ya mtu aliyechaguliwa na kikao, na jina litakalotokea kwenye ujumbe litangazwe mapema ili watu wasiogope matapeli. Daftari linasomwa kwa familia siku inayofuata, pamoja na risiti. Hatusomi majina na kiasi mbele ya wageni. Kuna sharika zinazosoma, na zina sababu zao, lakini mama aliyetoa shilingi elfu mbili asikae akisubiri jina lake litajwe baada ya la mtu wa laki tano.

Jeneza la bei mbaya linazikwa saa ile ile linapotazamwa. Hayo ni maoni yetu, mnaruhusiwa kuyapuuza.

Baba hakuwa mtu wa kanisani, na ahadi yake ya sadaka hakuwahi kuimaliza. Mtakataa kumzika?

Kupika hatukatai kamwe. Jumuiya inakuja, inasimamisha turubai, inakesha nanyi. Ibada iwe ya namna gani ni mazungumzo ya familia na mchungaji, na ni bora yafanyike mapema, ana kwa ana, msifiche kitu. Wasifu usimgeuze mzee wa kanisa mtu aliyekuwa akifika Krismasi tu. Mnaweza kushukuru kwa maisha yake kama yalivyokuwa.

Tuzike kihambani au makaburini?

Mwenye kihamba kwa kawaida anazikwa kwake, karibu na wazazi wake, na isale inapandwa kuzunguka kaburi. Isale ni jani la amani na la mpaka. Ukoo wenye ugomvi wa ardhi wakae na kumaliza maneno kabla jembe la kwanza halijapigwa, maana kaburi kwenye kihamba chenye kesi ni kesi nyingine. Walioko mjini, Moshi au Arusha, wasio na eneo wanatumia makaburi ya umma au ya kanisa, na ibada ni ile ile. Kibali kinahitajika kote.

Ikinyesha?

Kuanzia Machi hadi Mei mkodi turubai la ziada, mmwage moramu au maganda ya kahawa njiani, na mtafute gari linaloweza kupanda utelezi. Juni na Julai hakuna mvua kubwa ila kuna baridi. Wazee wapewe nafasi mbali na upepo na chai iwe ya moto kweli.

Watoto waje?

Waje. Waambiwe mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba bibi amekufa, si kwamba amesafiri. Kuaga mwili wasilazimishwe.

Tunaweza kurusha ibada mubashara kwa ndugu walioko nje?

Ndiyo. Simu moja, kwenye kigoda cha kupigia picha, mahali pamoja. Sura ya marehemu jeneza likiwa wazi isipigwe picha bila ruhusa ya familia, na mpiga video asipande juu ya udongo wa kaburi. Kuna mmoja aliwahi kuteleza.

Baada ya mazishi kunafuata nini?

Siku ya kuondoa tanga, ukoo unakaa. Hapo ndipo anapopendekezwa msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao unaandikwa na kusainiwa, kwa sababu mahakama ya mwanzo itauhitaji. Katibu wa kamati anaweza kuwaandikia, lakini hapigi kura na hatoi maoni.

Jumuiya inarudi kwa mjane wiki ya pili, na tena mwezi wa pili. Wakati huo ndipo nyumba inakuwa kimya na watu wa Dar wamerudi Dar. Tunapeleka sukari na unga, tunakaa, tunaimba kidogo kama anataka. Kujengea kaburi na kuweka msalaba tunashauri kusubiri Desemba, wengi wakiwa wamepanda kwa ajili ya Krismasi. Gharama inagawanyika na udongo umeshatulia.

Sufuria langu liliazimwa kwenye msiba wa mwezi uliopita na halijarudi.

Vyombo vyote vinavyobaki vinapelekwa stoo nyuma ya ofisi ya usharika, na vinachukuliwa Jumapili baada ya ibada ya pili. Njooni na kifuniko kama mlibaki nacho, tuvilinganishe. Masufuria yenye jina lililopakwa rangi kitakoni yanarudishwa na vijana nyumbani kwa mwenyewe. Yasiyo na jina yanasubiri. Kwa sasa yapo kadhaa, pamoja na beseni la bluu na miiko ambayo hakuna aliyekuja kuidai.